Kitone cha Rangi ya Kucha

Kifua-umma kilivuta pumzi, na Mnara wa Saba wote ukavuta nacho. Tangu hewa ya nje iharibike, dude hilo la chuma ndilo lililosukuma hewa safi mpaka chumba cha mwisho, likiongozwa na akili-bandia ya Mamlaka ya Hewa. Akili hiyo ilikuwa na mlinzi mmoja tu: aisii ya kizamani, kidude cheusi chenye miguu inayopenya kwenye matundu ya bodi. Haikupokea amri ya mtu wala mtambo. Hewa ikipungua inafungua valvu ya akiba, basi.

Siku aliyokufa Zuwena, mke wa fundi Shomvi, hewa ilipungua na valvu haikufunguka. Mamlaka ikasema ni mapenzi ya Mungu. Wakubwa hao wenye hewa yao ya chupa ni wepesi sana wa kumsingizia Mungu. Aisii nyingine hawakuleta, na huko ghorofani Mwajabu, binti wa Shomvi, alikuwa ananyonyesha.

Shomvi akashuka kwa Chausiku, muuza vyuma chakavu, kutafuta aisii nzima. Mji ulijaa aisii za bandia: watu wanakwangua maandishi ya kitu kibovu, wanapaka mapya. Ndiyo maana alitembea na pamba na dawa ya kutolea rangi ya kucha, chupa ya marehemu.

"Unanukia saluni, shemeji," Chausiku akamtania. "Unakwenda kuposa?"

Shomvi akatia dawa kwenye pamba. Aliifuta aisii ya kwanza, maandishi yakatoka. Ya pili vilevile. Chausiku akaacha kucheka, akafungua pindo la khanga na kutoa ya tatu. Shomvi akasugua kwa nguvu, juu na chini. Maandishi yalibaki palepale, lakini pamba ikawa nyekundu.

Akaisogeza pamba karibu na macho. Maishani mwake alitia alama ya rangi ya kucha ya Zuwena kwenye aisii moja tu, kitone upande wake wa chini, siku alipoifunga kwenye kifua cha Mnara wa Saba.

"Nani kakuletea?"

Chausiku aliangaza kushoto na kulia kwanza. "Wenyewe Mamlaka. Wanazing'oa, wanatuuzia, wanaweka bandia. Mimi nilidhani unajua, shemeji."

Kumbe siku aliyokufa Zuwena mlinzi hakuwepo.

Shomvi aliirudisha mahali pake, akailehemu, akaijaribu. Valvu ikafunguka. Kisha akaketi, mgongo kwenye mlango wa kifua. Mpaka leo chakula Mwajabu anamletea hapo hapo. Watu wa Mamlaka wakipita wanamwamkia kwa adabu, shikamoo mzee. Anaitikia, huku akiwatazama mikono.