Hiyo Ndiyo Nyeupe

Nélida Echenique alimtuma Fabricio, msaidizi wake, akanunue biskuti, ingawa mfuko mzima ulikuwa pale mezani, ameufunika kwa koti. Alitaka tu abaki peke yake ukumbini. Jioni ilikuwa inaingia mjini Paraná, tamthilia mpya ilikuwa inafunguliwa kesho, na yeye, fundi mkuu wa taa, alikuwa hajachagua taa za kumulika pazia la nyuma ya jukwaa.

Seti mbili zilikuwa zimeletwa zijaribiwe. Moja ilikuwa ya taa ndefu, za kupangwa sakafuni chini ya pazia zipandishe mwanga juu. Nyingine ilikuwa ya taa za mviringo, za kuning'inizwa. Mwenye duka la taa angepita jioni hiyo hiyo kuchukua zitakazokataliwa. Kazi ndogo! Zamani Nélida angeimaliza huku anavuta chai kibuyuni kwa mrija na kupiga soga.

Lakini macho yalikuwa yamemwangusha. Tangu mwaka uliopita, rangi ya manjano ilikuwa imemtoka kabisa. Kiini cha yai, ganda la limau, vyote aliviona vyeupe, vyeupe vya kuchujuka. Hakumwambia mtu. Fundi wa taa asiyeona rangi! Heri angekamatwa anaiba. Alikuwa anajiokoa kwa ujanja: anawauliza wenzake, "Mnaionaje?" kama mwalimu anayepima wanafunzi, halafu anashika jibu lao na kulifanya lake.

Na manjano, jamani, haikuwa rangi ya kuchezea pale. Waigizaji wa nchi ile wote wanaikimbia, lakini ukumbi ule ulikuwa na sababu yake. Miaka mingi nyuma, mwigizaji mmoja alianguka akafa katikati ya onyesho, amevaa koti la manjano. Jina lake halitajwi humo ndani. Mwezi uliopita tu, mpiga kodiani alivuliwa soksi za manjano mlangoni.

"Utapiga miguu mitupu, kaka, au utapigia barabarani," Jimena alimwambia, na hakuwa anatania.

Jimena ndiye aliyekuwa mwigizaji mkuu. Alikuwa binti wa kaka yake Nélida, na Nélida ndiye aliyemlea.

Nélida akawasha taa za chini. Pazia likawa jeupe. Akazima, akawasha za juu. Jeupe vilevile. Akarudia. Tukio la kwanza la tamthilia lilikuwa la alfajiri, nyeupe tupu, na moja ya seti hizi haikuwa nyeupe. Mwenye duka alishamdokeza kwa simu kwamba moja ina hitilafu ya rangi, na yeye, kwa kuona haya, alisema, "Nitaiona mwenyewe."

Kiti kililia gizani, huko nyuma.

Kriii...

"Za chini," sauti ikanong'ona.

Nélida akashtuka. "Don Anselmo? Ni wewe?"

"Nani mwingine?"

Akashusha pumzi. Anselmo, mlinzi wa ukumbi, alikuwa na tabia ya kusinzia kwenye viti. Ila leo kulikuwa na harufu... poda ya uso. Poda ya zamani, iliyovunda koponi.

"Za chini ndizo nyeupe," sauti ikasema. "Chukua hizo. Unaona aibu ya nini? Mimi sitasema."

Kumbe anajua! Alipaswa kuuliza amejuaje. Hakuuliza. Alichosikia yeye ni neno moja tu: sitasema.

Mwenye duka alipofika, Nélida akampa zile za juu. Fabricio alirudi na biskuti, Jimena nyuma yake, tayari kwa mazoezi ya mwisho.

"Haya, alfajiri!" Nélida akapiga makofi. "Washa!"

Fabricio akawasha.

Jimena akarudi nyuma hatua mbili.

Fabricio aligeuza shingo polepole. "Mama Nélida... hii umeikusudia?"

Akaijua rangi kwa sauti yake. Angeweza kusema pale pale. Maneno matatu tu, mambo yakaisha. Ulimi ukakataa.

"Nimeikusudia," akasema. "Alfajiri ya mashambani ina manjano yake. Acheni ushamba."

Jimena alimtazama shangazi yake kwa muda mrefu.

"Kama shangazi amesema," akajibu, akapanda jukwaani, akasimama mbele ya pazia.

Sasa, taa za namna ile hukaa nyuma ya mwigizaji, chini kabisa ya pazia. Kivuli chake hakiwezi kuanguka juu ya pazia. Jimena hakuwa na kivuli.

Lakini kivuli kilikuwepo.

Kirefu. Cha mtu mwenye koti pana. Kilikuwa ukingoni... kisha hatua moja ndani... kisha nyingine. Kilikuwa kinanyoosha mkono.

"Shangazi," Jimena akanong'ona bila kugeuka, "nani yuko nyuma yangu?"

"Zima!" Nélida akapiga ukelele. "Zima! Nimewadanganya! Manjano siioni! Sioni, sioni!"

Giza.

Yowe moja. Kisha taa za ukumbini zikawaka. Jimena alikuwa amepiga magoti, mzima, anahema. Begani kwake, juu ya nguo nyeusi, kulikuwa na alama ya vidole vitano vya poda.

Nélida alilia kama mtoto. Fabricio akamshika mkono.

"Tunajua, mama. Tangu majira ya baridi. Unadhani kwa nini kila nikiwasha taa naitaja rangi kwa sauti? Tuliogopa utaona haya."

Aliona heri wangemtukana. Miezi yote ile alijidhani mjanja, kumbe walikuwa wanambeba kimyakimya.

"Don Anselmo ndiye aliyeniambia..."

"Don Anselmo yuko kwao, mama. Ana homa tangu Jumatatu. Ufunguo ninao mimi."

Kesho yake taa za juu zikarudishwa na kuning'inizwa. Nje watazamaji walikuwa wameshajaa, wanasubiri. Fabricio akawasha, na safari hii wote walimgeukia Nélida kwa upole, kama watu wanaomwangalia mgonjwa.

"Nyeupe, shangazi," Jimena akasema, akitabasamu kutoka jukwaani. "Nyeupe kama shuka."

"Kweli?"

"Haki ya Mungu."

Nélida akainua macho, na akaiona. Manjano. Mwaka mzima hajaiona, na sasa ilikuwa inatiririka kutoka juu ya pazia, nzito, inashuka hadi kwenye nywele za Jimena. Harufu ya poda ikamjia karibu na sikio.

"Sema basi," sauti ikanong'ona. "Waambie unaiona."

Jana tu alipiga kelele mbele yao wote kwamba haioni. Walikuwa wanamsubiri, wanamhurumia, na aibu ileile ya jana ikamrudia: akisema leo anaiona, nani atamwamini?

"Nzuri," akasema. "Fungueni milango."