Sura ya Nne Kwenye Droo Yangu

Nianze na kosa langu, maana nikianza na mengine nitalizungukazunguka mpaka nilikwepe. Niliificha sura ya nne ya tasnifu ya mpwa wangu kwenye droo ya meza yangu kwa siku kumi na tisa. Sikuisahau. Kila nilipofungua droo kuchukua stepla niliiona, nikaifunga tena. Mungu alikuwa ananiona, na nilijua ananiona.

Mimi ni karani wa ofisi ya wanafunzi wa uzamili. Elimu yangu si ya kujivunia. Niliishia kidato cha pili, nikasomea uhazili, nikapata kazi hii ambayo nimeifanya miaka ishirini na sita. Sijawahi kuandika tasnifu, ila nimeziona zaidi ya mia tatu zikizaliwa. Namjua mwanafunzi anayeleta sura ya kwanza akitembea kifua mbele, na najua atakavyokuwa akifika sura ya tatu: viatu havina rangi, macho mekundu, anauliza "Profesa yupo?" kwa sauti ya mtu aliyekuja kumtazama mgonjwa. Nawapa chai. Nawaambia kaa kwanza, hata yule bosi mkubwa aliyemaliza mwaka jana alilia kwenye kiti hichohicho.

Wao huniita Mama Trei, kwa sababu ya trei ya mbao iliyo mezani kwangu. Sura zote hupitia pale. Profesa anayewasimamia hapokei karatasi mkononi. Kila asubuhi huchukua za juu kwenye trei, akasoma, akarudisha na maandishi ya wino wa kijani. Kwa hiyo nani asomwe na nani angoje, hilo lilikuwa mikononi mwangu.

Mpwa wangu alikuwa mtoto wa marehemu dada. Nilimlea tangu ana miaka tisa, yeye na pumu yake. Alipoingia uzamili, karani mwenzangu wa masjala alinitania mbele za watu.

"Foleni imekwisha hapa! Ya mpwa wako itasomwa kabla wino haujakauka, za watoto wa wenzio zitaota uyoga."

Watu wakacheka. Mimi nilichomwa moyoni. Nakiri kwamba nilipenda kusifiwa uadilifu kuliko nilivyoupenda uadilifu wenyewe. Tangu siku hiyo sura zake nikawa naziweka chini kabisa. Na hiyo ya nne, kwa kuwa ililetwa wiki ambayo kila mtu alikuwa anachungulia trei yangu, nikaitia kwenye droo. Nikajiambia, waliotangulia wakiisha nitaitoa. Waliotangulia hawaishi.

Siku moja jioni tulikuwa tunakunja nguo nyumbani.

"Mamdogo, Profesa hajasema kitu?"

"Subiri foleni kama wenzio."

"Wenzangu wamesharudishiwa." Alikunja shati lilelile mara mbili. "Basi ni mbovu. Anatafuta namna ya kuniambia."

Ningesema neno moja tu. Nikamwambia ashike ncha ya shuka.

Akaanza kuiandika upya sura nzima. Halali usiku, hali, kifua kinambana, akimkwepa Profesa na kumwambia kila mtu kwamba Profesa ameidharau kazi yake. Asubuhi ya siku ya kumi na tisa nilimkuta ameegemea meza, shavu juu ya karatasi, penseli bado mkononi. Nilidhani amesinzia. Nikamfunika shali, nikaenda kuchemsha maji. Niliporudi ndipo nilipomgusa.

Msibani Profesa alinishika mikono yote miwili. "Pole sana, mama. Nilikuwa nikiisubiri sana sura yake ya nne. Mbona hakuileta?"

Nikasema sijui.

Nilirudi kazini baada ya wiki tatu. Ilikuwa siku kama nyingine, jua limeingia dirishani, birika linaunguruma. Wa kwanza kuja alikuwa mwanafunzi tunayemwita Mheshimiwa, kwa jinsi anavyopenda maneno mazito.

"Mama Trei, Profesa kapatwa na nini? Siku hizi ananibembeleza kama mtoto mchanga. Hebu ona."

Akanifunulia sura yake. Palikuwa na sentensi moja iliyojaza nusu ukurasa, na pembeni yake maandishi: *Pumua hapa.* Chini kidogo: *Hili umelisema mara mbili. Chagua moja. Unaweza.*

"Sentensi zako ni ndefu," nilisema.

"Ndefu? Mke wangu anasema nikianza sentensi, yeye anakwenda sokoni na kurudi hajakosa kitu."

Sikucheka. Maandishi yalikuwa ya penseli, na herufi zote zimelalia kushoto. Ni mtu mmoja tu niliyemjua anayeandika hivyo. Na maneno yale yalikuwa yangu. Alipokuwa mdogo, pumu ikimkamata, nilikuwa naweka kiganja kifuani mwake na kumwambia, pumua hapa, mwanangu, pumua hapa.

Nikampelekea Profesa sura ile. Aliitazama juu juu tu.

"Hii bado sijaisoma, mama. Na penseli siitumii."

Kufikia mwisho wa wiki, kila sura iliyolala kwenye trei iliamka imesomwa. Nikawa naifungia trei kabatini, ufunguo nauvaa shingoni na kwenda nao nyumbani. Nilifunga kula, nikaomba, nikasali rakaa na sala zote ninazozijua. Asubuhi nalikuta kabati limefungwa vilevile, na ndani, juu ya karatasi, maganda ya penseli iliyochongwa.

Jambo lililoniumiza ni kwamba wanafunzi walikuwa wanapona. Aliyekuwa amekwama mwaka mzima akamaliza sura mbili. Aliyetaka kuacha masomo alirudi kuniaga, akakuta kwenye karatasi yake *Usiende, umebakiza kidogo*, akavua begi. Na mpwa wangu mwenyewe hakuna aliyemwambia hivyo.

Enzi za uhai wake, mpwa wangu alikuwa ameanzisha duara. Kila Jumatano saa nne asubuhi wanafunzi walikaa chumba cha semina, kila mmoja akasoma ukurasa wake kwa sauti, ili masikio yakamate kile macho yanachokiruka. Waliendelea nalo hata baada ya yeye kutuacha. Jumatano iliyofuata niliwapelekea chai, nikabaki kusikiliza. Walikuwa saba. Viti vilikuwa vinane.

"Nani kaweka kiti cha ziada?" niliuliza.

"Tulikikuta," alisema mama mmoja, muuguzi mstaafu aliyerudi shule ukubwani. Wanamwita Sista. Ilikuwa zamu yake kusoma.

Akasoma. Akafika kwenye sentensi ndefu. Akaendelea. Katikati ya sentensi tukaisikia.

Filimbi nyembamba. Ya kifuani.

Pumzi inaingia kwa tabu. Inatoka kwa tabu. Naijua. Nimelala nayo chumba kimoja miaka mingi.

Sista akaacha kusoma. Naye ameisikia maishani mwake, wodini.

"Nani ana pumu hapa?" alinong'ona.

Wote wakatikisa vichwa. Mheshimiwa hakutania.

Nikatazama kiti cha nane. Mto wake ulikuwa umebonyea. Nikiwa nautazama, ukaanza kuinuka. Polepole. Kama mtu amesimama.

Nilirudi ofisini mbio, sahani za vikombe nimeziacha. Droo ile sikuwa nimeifungua tangu mazishi. Nikaifungua.

Sura ya nne ilikuwamo. Kibanio hakijaguswa. Lakini mimi nilificha karatasi safi, zilizochapwa. Hizi zilijaa penseli. Kila ukurasa. Kila mstari. Amekata, ameongeza, amekata tena, amejiuliza maswali na kujijibu. Nikafunua mpaka ukurasa wa mwisho. Chini kabisa ameandika:

*Mamdogo, zamu yangu bado?*

Sikupiga hodi kwa Profesa. Niliingia, nikaweka karatasi zile mezani pake, nikasema yote nikiwa nimesimama. Aliniacha mpaka nikamaliza.

"Umesema siku ngapi?"

"Kumi na tisa, akiwa hai."

Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Kisha akasoma. Alisoma pale pale mbele yangu, mpaka jua likahama kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Hakuniambia nikae na mimi sikuthubutu. Alipomaliza alikuwa analia bila sauti, kama wanaume wa rika lake wanavyolia.

"Alikuwa amemaliza, mama," alisema. "Hata hii ya mwanzo, iliyo chini ya penseli. Haikuwa na tatizo. Ningeirudisha siku hiyohiyo."

Nilishika ukingo wa meza.

Akachukua kalamu yake ya kijani, akaandika pembeni: *Nzuri sana. Imekubaliwa.* Akanisukumia.

"Kamwambie," alisema, kwa mazoea. Kisha akajikumbuka, akageukia dirishani.

Nilikwenda kumwambia. Kaburini, mchana kweupe, kwa sauti kama mwendawazimu. Nikamsomea yale maneno ya kijani mara tatu, nikamwambia na yangu, kwamba zamu yake ilikuwa imefika tangu siku ya kwanza, ila mimi ndiye niliyesimama mlangoni.

Kuanzia hapo penseli ikakoma. Kwenye trei zinalala sura, zinaamka vilevile. Jumatano wanasoma, na hakuna anayepumua zaidi yao. Mheshimiwa amerudi kwenye sentensi zake ndefu na analalamika kwamba Profesa amekuwa mkali tena. Nilidhani yamekwisha. Nilidhani amelala.

Wanafunzi wangu, tasnifu ikishakubaliwa, hubakiza ukurasa mmoja. Huuandika mwisho wa yote, wakiwa wametulia. Humshukuru Mungu, wazazi, Profesa, na mara nyingi na mimi hunitia humo, kwa chai na kwa uvumilivu. Nimeusoma ukurasa huo mara mia tatu, na kila mara nimetoa machozi kwa furaha.

Jana asubuhi nilifungua ofisi mwenyewe. Hakuna aliyenitangulia. Mezani palikuwa na bahasha nyeupe nyembamba, imeandikwa *Mamdogo*, herufi zimelalia kushoto. Nilipoiinua, gundi ya kifuniko ilinata kwenye kidole changu. Ilikuwa bado mbichi.

Nimeiinua kwenye mwanga. Ndani kuna karatasi moja, imekunjwa. Kichwa chake kinasomeka: SHUKRANI. Chini yake mistari imepandana, siwezi kuibagua. Ila mmoja, karibu na mwisho, ameukandamiza sana mpaka penseli imetoboa karatasi.

Sijaifungua. Sijui kama nimo. Sijui kama anajua kuhusu droo, au alikufa bado ananiamini, na sijui lipi kati ya hayo nitaweza kuishi nalo.

Hii hapa bahasha. Mikono yangu imekataa, na wewe uliyenisikiliza mpaka hapa hujamkosea. Naomba unifungulie. Soma kwanza kimya kimya, halafu unisomee kwa sauti, mpaka mwisho, na usiruke mstari hata mmoja.