Mstari Uliokwanguliwa

Mama alifungua kinywa amwite binti yake aje kula, jina likagoma kutoka. Mahali lilipokaa siku zote palikuwa patupu.

"We... wewe hapo. Njoo ule."

"Mama, hata mwalimu leo kashindwa kuniita," binti alisema. Akamwonyesha madaftari yake. Kila jalada, pale penye jina, karatasi ilikuwa imekwanguliwa kwa ncha ya kisu.

Chumba kilinuka nywele zilizoungua.

Mama alikuwa fundi cherehani, hakuwa na muda wa mashetani. Lakini wiki ile baba yake mkubwa wa tawi lingine la ukoo, mtunzaji wa daftari la majina ya ukoo, alimpa kazi ya kulinakili upya. Jana alifika kwa mke wa kwanza wa babu wa babu yake. Watoto wote wa bibi yule waliandikwa. Jina lake mwenyewe lilikuwa limekwanguliwa. Mama akaruka mstari.

Sasa akasikia kwaru, kwaru, na sauti haikutoka mezani bali ndani ya kifua cha mwanawe, ikipanda taratibu kama panya ukutani, na kadiri ilivyopanda ndivyo uso wa mtoto ulivyofifia, nyusi kwanza, kisha kidoti cha shavuni alichozaliwa nacho, hata mama akawa anajikumbusha kimoyomoyo, huyu wangu, huyu nimemzaa mimi.

Akamwita baba mkubwa. Mzee alifika, akanusa, akabaki kizingitini.

"Shikamoo. Mbona huingii?"

"Marahaba. Hapa panatosha."

"Bibi huyu alifanywa nini?"

Mzee alinong'ona. "Mke mwenzake alimfungia ghalani, akachoma moto. Upande wangu tumetoka kwa huyo mke mwenza. Bibi alikufa akiita majini, nayo yakaitika. Kila anayenakili akamruka, mtoto wake anafutika. Mpaka mtu wa upande wetu amtaje kwa mdomo wake. Hapo zamu inakuwa yetu."

"Mtajeni, basi."

"Nina vijana watatu, mwanangu. Na jina hakuna anayelijua."

"Ulijua haya yote, ukanipa mimi."

"Una mwandiko mzuri."

Mama alirudi mezani, akasugua chaki ya kuchorea vitambaa kwenye ukurasa wa daftari la zamani uliokuwa chini ya ule uliokwanguliwa. Kalamu ya kale ilikandamiza sana; herufi zikajitokeza moja moja. Akaliandika jina kwenye daftari jipya, mahali pake, kwa mwandiko ule ule mzuri.

Kisha akalipeleka mlangoni. "Tuhakiki ukurasa huu, uondoke na daftari lako."

Ndivyo ukoo ulivyohakiki siku zote: anayenakili anasoma mstari, mtunzaji anasoma unaofuata, asirukwe mtu. Mzee alitaka kuondoka upesi. Akasoma wake, mama wake, yeye wake, mbio mbio, kama alivyozoea miaka arobaini. Mama alikuwa amekwisha kuhesabu mistari.

Mzee akalisoma jina la bibi. Mama akasoma lililofuata, mzee akasoma na lingine kabla hajagutuka, akainua macho polepole.

Mkwaruzo ulikoma. Mama akageuka, akamwita binti yake kwa jina lake, na binti akaitika "abee", kidoti kikiwa shavuni.

Nje ya kizingiti, ndani ya kifua cha mzee, kwaru, kwaru, kwaru. Mara tatu, kisha kimya.

"Haya, Baba Mkubwa," mama alisema. "Wasalimie vijana wako."

Mzee alimtazama kwa upole, kama mtu aliyesahau alichofuata.

"Vijana gani, mwanangu?"

Mama akamfungia mlango.