Kamati ya Wanaompenda Kupita Kiasi

Prado nyeupe ilikata kona kwa magurudumu mawili.

Nge naye akakata kona, juu ya Yamaha ya kukodi iliyokuwa ikikohoa njia nzima. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua kali, na mtaa mzima ulitoka kutazama.

"Nge kwa Mkuu. Wanaelekea nyumbani kwa Mheshimiwa," alisema kwenye redio ya sikioni.

"Wasifike getini."

Walifika getini. Lakini geti lilichelewa kufunguka, na sekunde nne zilimtosha mwanamke huyu aliyefanya kazi ya ujasusi miaka kumi na saba. Aliilaza pikipiki mbele ya Prado, akachomoa bastola yake, Glock, akamwelekezea dereva katikati ya macho.

"Shuka. Mikono juu."

Alifungua buti. Mabegi sita, noti za kigeni zimejaa hadi zipu zinalia. Kwenye kiti cha nyuma alikaa mwanamume wa suti nyeupe, mgeni aliyekuja kununua chemchemi ya mji. Nge alikuwa amemwinda miezi mitatu. Moyo ulimdunda kwa furaha.

Mlango mdogo wa geti ukafunguka. Alitoka wakili wa Mheshimiwa, kandambili miguuni, kijitabu cha sheria ya uchaguzi mkononi.

"Karibu, dada. Ahsante kwa kuwasindikiza. Utatusaidia begi moja?"

"Hizi ni fedha za kutoka nje," Nge alisema. "Mgombea haruhusiwi kupokea hata senti."

"Kweli kabisa, haruhusiwi. Hizi ni za Kamati ya Marafiki wa Mgombea. Kamati inapokea kwa yeyote, kutoka popote, bila kumtaja. Sharti ni moja tu, mgombea na kamati wasizungumze."

"Kamati iko wapi?"

"Humu ndani."

"Na mgombea?"

"Humu humu. Mwenyekiti wa kamati ni mdogo wake, baba mmoja mama mmoja."

Redio ilikwaruza sikioni. "Nge. Nimeuliza wanasheria wetu. Yuko sahihi. Shusha silaha."

Aliishusha. Mgeni alimpita na kumpungia mkono.

Wakili alijiamini kiasi cha kumkaribisha ndani ajionee. Mwizi akiwa na kibali hana haja ya kufunga mlango. Sebule ilinuka marashi na ngozi mpya ya makochi. Mheshimiwa alikaa kushoto, mdogo wake kulia, na hawakutazamana. Katikati, juu ya mto wa hariri, alilala paka mnene wa rangi ya majivu.

"Paka," Mheshimiwa alisema, "ningefurahi kuona mabango barabara yote ya hospitali."

"Paka," mdogo wake akajibu, "yatakuwepo kesho. Na yule kaka ambaye hayupo hapa atabasamu kidogo kwenye picha. Zile za mwanzo kanuna."

"Paka, mwambie huyo mjinga siku ile nilikuwa naumwa jino."

Wakili aliandika kwenye daftari: *Hawakuzungumza.*

Tangu zamani mke aliyeudhika humsema mumewe kwa kumsemesha kuku wa uani, na majirani wakacheka, na mume akajirekebisha. Mafumbo yalikuwa na adabu yake. Wanaume hawa wawili waliyachukua wakayageuza bomba la maji machafu. Nge alitoka akatema mate kwenye maua ya Mheshimiwa.

"Nge kwa Mkuu. Wanaongea na paka."

Alipangusa mdomo kwa kiganja.

"Sheria inasemaje kuhusu paka?"

"Haijamtaja."

Simu yake ya pili ilitetemeka, ile Nokia ya vitufe ambayo namba yake alikuwa nayo mtu mmoja tu duniani. Mama yake aliishi bondeni, chini ya chemchemi, na alichota maji pale tangu siku aliyoolewa.

"Mwanangu, wamekuja kupima uzio. Kigingi kimoja wamekipiga mlangoni kwangu. Wanasema uchaguzi ukiisha tutanunua maji kwa kadi."

"Nani kasema, mama?"

"Vijana wa kampuni. Wana adabu sana. Wameniamkia kwanza, ndipo wakapiga kigingi."

"Usiking'oe. Niachie mimi."

"Mimi niking'oe nimekuwa trekta? Fanya haraka tu."

Zilibaki siku kumi na mbili. Mheshimiwa akishinda, angetia saini, na chemchemi ingekwenda.

Nge aliketi kivulini kando ya pikipiki na kijitabu cha wakili, ambacho alikuwa amekitia mfukoni bila kuomba. Sheria ile aliitunga Mheshimiwa mwenyewe bungeni. Ili ionekane kali, alitia kifungu kwamba mgombea akizungumza na kamati yoyote inayomuunga mkono kuhusu kampeni yake, jina lake litaondolewa siku hiyo hiyo. Ili mdogo wake asibughudhiwe, alitia kingine, kwamba mtu yeyote asiizuie kamati kumsifu mgombea kwa namna itakayoona yafaa.

Kamati yoyote. Nge alilisoma neno hilo mara tatu.

"Mkuu, kamati inasajiliwaje?"

"Fomu moja. Ada kidogo. Kwa nini?"

"Nimeanza kumpenda Mheshimiwa."

Karani wa tume ya uchaguzi alikuwa mzee mwembamba mwenye miwani iliyofungwa uzi. Aliisoma fomu polepole.

"Kamati ya Wanaompenda Mheshimiwa Kupita Kiasi," alisema. "Mnampenda kweli?"

"Kupita kiasi."

Aligonga muhuri. "Wiki ya kwanza ni lazima niketi ofisini kwenu kukagua. Sheria."

"Karibu sana, mzee wangu. Kiti kipo."

Jioni ile Nge aliingia hotelini kwa Mgeni. Gauni la bluu, cheti cha kamati mkononi, miwani yenye kamera ndogo kuliko punje ya mtama. Mgeni alimtambua, yule wa bastola ya asubuhi, lakini hakuuliza maswali. Kwake kila kamati ilikuwa bomba jingine la kumwagia fedha.

"Begi moja litatosha?" aliuliza.

"Mawili."

Alicheka. "Kwetu ningefungwa miaka tisa kwa jambo hili. Hapa napewa risiti. Nawapenda sana watu wa hapa."

Nge alitabasamu hadi mashavu yakauma. Juu ya meza ulikuwa mkataba wa chemchemi, tayari una saini ya Mheshimiwa. Mheshimiwa aliuza maji ya watu hata kabla hajapewa ufunguo. Nge aliufunua ovyo, na kamera ikapiga picha kurasa zote saba. Nje ya hoteli Nge alisimama kwenye bomba la mtunza bustani akanawa mikono, akanawa tena, na bado aliiona michafu.

Alhamisi mji uliamka na mabango arobaini.

MHESHIMIWA OYEE. AMESHAUZA CHEMCHEMI, HANGOJI HADI ACHAGULIWE. HUYO NDIYE MCHAPAKAZI.

Chini yake ulikuwa ukurasa wa mkataba, saini imekuzwa hadi upana wa mlango. Na chini kabisa, kwa herufi za heshima: *Kwa hisani ya rafiki yetu mgeni, hotelini, ghorofa ya tatu.*

Redioni mwanamke mwenye sauti ya asali aliimba kila nusu saa: "Mama, umechoka kuchota? Mheshimiwa kakuonea huruma. Hutachota tena."

Watu walicheka sokoni, wakacheka benki, wakacheka hadi msibani. Kisha wakaacha kucheka, wakaanza kusoma ule mkataba. Mabango ya barabara ya hospitali yalipakwa tope kabla ya adhuhuri.

Mheshimiwa alimpigia wakili.

"Wazuie."

"Kifungu chako kinakataza, Mheshimiwa."

"Basi niwapigie mimi."

"Ukiwapigia tu, umetoka."

Saa nane mchana mdogo wake Mheshimiwa, aliyetumwa na kaka yake, aliingia ofisini kwa Nge, chumba kimoja juu ya duka la fotokopi. Alibeba kikapu. Alikiweka mezani, akafungua kifuniko, akainama.

"Paka, sema kwamba mabango haya yanatuumiza."

Nge naye aliinama. Paka alimtazama kwa uchovu wa mtumishi wa serikali.

"Paka, sikusikia vizuri. Yanawafurahisha? Wanataka mengine?"

"Paka, hapana. Yaondolewe."

"Paka, waambie yataongezwa sitini."

Karani, kwenye kiti chake pembeni, aliandika: *Hawakuzungumza.*

Ijumaa mabango yalikuwa mia moja.

Saa tatu na nusu ngazi zilitikisika. Mlango ulipigwa teke. Aliingia mlinzi mwenye shingo nene, bastola mkononi, na nyuma yake Mheshimiwa, tai imekaa upande, mate pembeni mwa mdomo.

Nge hakuinuka.

"Wewe mwanamke," Mheshimiwa alisema. "Ondoa mabango yangu. Toa lile tangazo la redio, rudisha la mdogo wangu nililomwagiza. Leo. La sivyo hutoki humu mzima."

"Paka hayupo leo?" Nge aliuliza.

"Nasema na wewe."

"Unasema na mimi. Na mimi ni nani, Mheshimiwa?"

"Wewe si mwenyekiti wa kamati hii ya kishenzi?"

"Ndiye."

Kalamu ya karani ilisikika ikikwaruza karatasi. Mheshimiwa aligeuka, akamwona mzee wa miwani ya uzi kwa mara ya kwanza. Uso ulimwisha rangi.

Mlinzi aliinua bastola.

Kosa.

Stepla nzito ya chuma ilimpata kwenye kifundo cha mkono. Bastola ikaanguka. Nge alivuka meza, kiwiko kooni, goti tumboni, na mlinzi akalala chini akitafuta pumzi. Glock ilikuwa tayari mkononi mwa Nge.

"Endelea, mzee wangu," alisema.

"Mgombea amezungumza na kamati inayomuunga mkono," karani alisoma, kwa sauti ile ile ya fomu. "Ameagiza matangazo. Amekiri kumwagiza mdogo wake. Shahidi ni mimi. Jina linaondolewa leo." Alitoa muhuri mfukoni, akaupulizia, akagonga.

"Sheria hii niliitunga mimi," Mheshimiwa alinong'ona.

"Inajulikana," karani alisema.

Mgeni alipiga simu saa sita kudai mabegi yake. Nge alimsomea kifungu: mchango haurudishwi. Saa tisa alikuwa uwanja wa ndege, suti yake nyeupe imekunjamana. Bondeni, mama yake Nge na majirani waling'oa kigingi kwa jembe, kisha wakaenda kuchota maji.

Nge alishuka ngazi akiwa amevaa miwani ya jua. Alitaka kulala siku mbili. Chini, kando ya mashine ya fotokopi, mwanamke aliyevaa nadhifu alimngojea, bahasha nene mkononi.

"Hongera, dada," alisema kwa upole. "Mimi ni dada yake yule mgombea mwingine. Tumeipenda sana kazi yenu. Tungependa kamati yenu itupende na sisi, ila si kwa namna ile." Alisogea karibu zaidi. "Kaka yangu hajui kama nimekuja. Sisi hatuzungumzi. Kisheria."

Nge aliitazama bahasha, akautazama uso ule mzuri usio na hata chembe ya aibu, akampita. Barabarani aligusa sikio.

"Nge kwa Mkuu."

"Sema. Si umemaliza?"

"Mgombea mwingine ana dada."

Mkuu alivuta pumzi ndefu.

"Fomu unazo?"

"Kumi na tisa," Nge alisema, akavuka barabara, akaelekea tume ya uchaguzi kabla hawajafunga.