Kiti Kilichopanda Chenyewe

Jumamosi adhuhuri, Ukunda watu wamejaa tele, Twaiba alishuka kwenye bodaboda mbele ya duka la viti na mgongo ukambana palepale. Akasimama mkono kiunoni, abaya yake ya zambarau ikipepea, wapita njia wakimkwepa kushoto na kulia.

“Dada, njoo ukae.”

Aliyemwita ni muuzaji, kijana mwembamba mwenye kofia ya viua na shati lililopigwa pasi likanyooka.

“Sinunui kitu.”

“Nani amekuuzia? Kaa kwanza, mgongo utulie, halafu ukasirike.”

Twaiba akakaa kwenye kiti cheusi cha ofisi, maana hakuwa na njia nyingine. Kijana, Swabir jina lake, hakumgusa hata kwa ncha ya kidole. Alisimama kando, mikono nyuma, akimwelekeza.

“Vuta huo wenzo wa kulia, ushuke mpaka nyayo zilale chini. Nyuma ya goti paingie vidole vitatu. Viwiko vilingane na meza. Sasa lisukume egemeo likushike hapo kiunoni. Enhe! Wasemaje?”

Twaiba akaegemea taratibu. Kila siku kutwa, nyumbani kwao Tiwi, alikuwa akipokea oda za nyumba za wageni kwenye kompyuta, amekalia kiti cha plastiki. Alikuwa amesahau kwamba mtu anaweza kukaa bila kuumwa.

“Wazungumza kama daktari,” alisema hatimaye.

“Daktari hakutazami hivi,” Swabir akajibu, kisha haya zikamshika mwenyewe.

Twaiba akakinunua kiti. Wiki ya kwanza Swabir alipiga simu kuuliza hali ya mgongo. Wiki ya pili aliuliza mara tatu. Kufikia mwezi wa pili, mgongo ulikuwa umesahaulika kabisa.

“Umekula, laazizi?”

“Nimekula. Punguza sauti, baba atasikia.”

“Tajiri wangu wa dukani ataka kunipeleka duka la Malindi. Nitamkatalia. Nisimkatalie?”

“Mkatalie,” Twaiba alisema upesi.

Basi kiti kikaanza vituko. Kila asubuhi Twaiba alikikuta kimepanda juu, miguu yake ikining'inia. Akamwita Swabir aje akitazame.

Swabir alikuja na spana yake, furaha imemjaa usoni. Akakiinamia kiti, akavuta wenzo, akapima egemeo, akatazama mikono ya kiti ilivyotanuliwa. Furaha ikamtoka.

“Hakina ubovu. Kimepandishwa. Kimewekwa sawa kwa mtu mrefu, mwanamume, mabega mapana. Nani mwengine hukikalia?”

“Hakuna. Mimi tu.”

“Na mzee?”

“Baba hataki hata kukisikia. Yeye ni mtu wa mkeka.”

Swabir alimtazama sana. Kazi yake ilikuwa kusoma viti, na kiti hakikumdanganya hata siku moja. Akaacha chai kikombeni, akaondoka.

Siku tano hakupiga simu. Twaiba akipiga, haipokewi. Hakukaa, hakutulia, mara dirishani, mara uani, mara asome ujumbe aliousoma jana. Siku ya sita ukaja mpya: “Naenda Malindi Jumatatu. Kaa salama na huyo mwenzako.”

Mwenzangu yupi? Twaiba alikesha akijiuliza, ametukanwa na wala hajui kosa lake. Baada ya swala ya alfajiri akaingia sebuleni, na akaduwaa.

Babake, Mzee Abdurahman, mrefu wa kugusa kizingiti, alikuwa ameegemea kile kiti, macho ameyafumba kwa raha.

“Baba!”

Mzee akashtuka. “Mwanangu, nisitiri. Mgongo waniuma tangu mwaka juzi. Na nilishakicheka kiti chako mbele ya watu, nitakikaliaje mchana?”

Twaiba akacheka, na kicheko kikageuka kilio. Akamweleza babake yote, hata yale ambayo binti hamwelezi babake.

“Wampenda?”

“Nampenda, baba.”

“Mpigie kwa simu yangu.”

Swabir alipokea kwenye mlio wa pili. Mzee akakaa wima.

“Shikamoo, mzee,” ilisikika sauti baada ya mzee kujitaja.

“Marahaba. Kijana, kiti nakikalia mimi. Nakiiba kila alfajiri. Binti yangu hakujua, na hana mwenzake.”



“Subhanallah,” Swabir alisema taratibu. “Nimemkosea, mzee. Nimemkosea sana.”

“Hilo utamwambia mwenyewe. Mimi nauliza jengine: binti yangu wamwita laazizi kwa ruhusa ya nani?”



“Sina ruhusa, mzee. Nikija kesho na ami zangu kuiomba, itakuwa mapema mno?”

Mzee Abdurahman akageuka kumtazama binti yake. Twaiba alikuwa amesimama mlangoni, machozi hayajakauka, uso umewaka. Akanong'ona neno moja.

“Mwenyewe asema,” mzee aliiambia simu, “leo.”