Dirisha la Sebule ya Adela

Enzi hizo pale New York, michezo ya televisheni ilikwenda hewani papo hapo inapochezwa, na dirisha la sebule ya Adela, mhusika wa mchezo mmoja wa kila siku, halikuwa dirisha la kweli. Ilikuwa fremu ya mbao iliyopigiliwa kwenye ukuta wa matofali wa studio, ikatundikwa pazia. Hata paka asingepata pa kusimama nyuma yake. Ndiyo maana Hester Vandermolen, mpiga kinanda, alipoona kwenye televisheni ndogo ya kibandani mwake kwamba pazia lile linasogezwa kutoka nje, vidole vilimpotea kwenye kinanda.

Hester alifanya kazi peke yake humo, akiwatazama waigizaji kwenye kioo cha televisheni ile na kumpigia kila mmoja wimbo wake anapoingia. Alikuwa mjane. Mtu pekee aliyemgongea mlango alikuwa Corinne Haskell, aliyeigiza Adela, ambaye kila mchana alileta mkate wa mayai wakagawana, huku akinuka peremende za kikohozi. Jumamosi moja Corinne alikufa kwenye chumba chake cha kupanga. Jumatatu mtangazaji akasoma, kwa sauti ileile ya kutangazia sabuni: "Kuanzia leo, nafasi ya Adela inachezwa na Dolores Finch." Basi, yakaishia hapo. Mazishi yaliangukia saa ya kipindi na hakuna aliyekwenda, hata Hester. Kinanda kingepigwa na nani?

Sasa kibanda kilinuka tena peremende za kikohozi, na dirishani, nyuma ya bega la Dolores, alisimama Corinne.

Studioni hakuna aliyemwona. Majumbani walimwona, na simu hazikukatika: yule mama wa dirishani si Adela wa zamani? Mwongozaji, Milton Gratz, alimtambua, ila hakutaka kujua amefikaje pale.

"Mwache aje," alimwambia Hester. "Watu wamechoka na machozi ya jikoni, sasa wanataka kuogopa. Ukimwona tu, mpigie wimbo wa Adela."

Hester hakuhitaji kusukumwa. Alikuwa na hamu mno na rafiki yake. Kila alipoupiga wimbo ule Corinne alisogea. Kwanza uso, kisha mikono juu ya fremu, kisha mguu mmoja ukawa ndani ya sebule.

Dolores alimfuata kibandani bila hata kubisha hodi, akanong'ona huku akitazama nyuma yake.

"Mama Hester, usiupige tena. Jana nimehisi vidole shingoni. Vya baridi."

"Ni rafiki yangu. Anataka mahali pake tu."

"Mahali pake ndipo nilipo mimi, mama."

Siku iliyofuata Corinne aliingia bila kungoja wimbo, akapita kwenye zulia bila kishindo, harufu ya peremende ikazidi hadi macho yakamwasha Hester, na pale kiooni ile mikono myeupe ikafika shingoni mwa Dolores, ambaye aliendelea kusema maneno yake kwa sababu kipindi kilikuwa hewani na hakuna aliyemfundisha kukatiza, ingawa sauti ilikuwa ikimkauka neno baada ya neno, na kutoka chumba cha mwongozaji Milton alikuwa akimwamuru Hester kwa kipaza sauti apige, apige sasa hivi.

Hester aliondoa mikono kwenye kinanda.

"Mwache huyo binti, Corinne," alisema taratibu. "Hakukukosea. Mimi ndiye niliyekuacha ukazikwa peke yako."

Corinne aligeuka, akamtazama moja kwa moja, kisha akatoweka kwenye kioo. Dolores akavuta pumzi. Na mlango wa kibanda, ambao haukugongwa tangu Corinne afe, ukagongwa.

"Ingia," alisema Hester.

Mazishi ya Hester yaliangukia saa ya kipindi. Hakuna aliyekwenda. Mtangazaji alisoma kwamba kuanzia leo kinanda kinapigwa na Orville Stamm, na Orville, mgeni asiyejua lolote, akaweka vidole mahali pake na kuinua macho kwenye televisheni. Nyuma ya bega la Dolores, wanawake wawili walisimama dirishani wakigawana mkate. Yule mjane alikuwa akivitazama vidole vya Orville.