Muuza Maji na Rejeta Yake

Asubuhi ya nyumba ile ilianza kwa pikapu. Jogoo wa jirani aliwika, lakini hakuna aliyemjali. Pikapu ya dizeli ilikohoa, ikatoa moshi, ikanguruma, na watoto wawili pacha wakajua kwamba ni saa ya kuoga.

Baba yao aliuza maji. Nyuma ya pikapu alifunga tangi kubwa la plastiki. Alilijaza kwenye kisima kirefu nje ya mji, kisha akazunguka kwa wajenzi, waosha magari na wenye nyumba ambazo mabomba yake yalikuwa pambo tu. Watu walimwita Bwana Maji. Alikuwa mcheshi, na ucheshi ulimpa wateja. Ubaya ni kwamba ulimpa pia jibu kwa kila jambo, hata jambo ambalo halikutaka jibu bali kazi.

Mkewe, Mama Pacha, alishona nguo barazani. Cherehani chake kilikaa kati ya mlango na dirisha. Mvua ikija na upepo, vitambaa vililowa kabla hajamaliza kusema "jamani". Lakini alikuwa na kiwanja. Marehemu mama yake alimwachia yeye, kando ya barabara ya sokoni. Kilikuwa kidogo, lakini mahali pazuri. Hapo alitaka kujenga chumba cha kushonea, chenye mlango wa kufunga na dirisha pana. Alikuwa amekwisha kuchagua hata upande wa kuweka meza ya kukatia.

"Nikihamia kwangu," alipenda kusema, na mumewe alijua kwamba "kwangu" ni pale.

Jumapili moja kaka yake Mama Pacha alikuja kuwatembelea. Alikuwa fundi wa magari, na fundi haoni boneti akaiacha. Pikapu ilikuwa imelala tangu jana, injini baridi. Akafungua kifuniko cha rejeta, chombo cha kupozea maji ya injini, akachungulia.

"Shemeji, hebu njoo. Maji haya yana rangi ya chai."

"Mimi chai bila sukari sinywi," alisema Bwana Maji. "Funga."

"Hii ni kutu. Injini inaliwa kwa ndani. Unaweka maji gani humu?"

Bwana Maji akalipiga tangi kofi. "Haya haya. Maji si ninayo?"

"Ya kile kisima? Yale ambayo sabuni haitoi povu?"

"Maji ni maji, shemeji."

"Hapana. Yale yana chumvi, na chumvi haina huruma na chuma. Tuyatoe yote, tuisafishe rejeta, uweke kulanti. Ni maji ya rangi, yana dawa ya kuzuia kutu. Nitakuletea dumu, utanilipa ukipata."

Bwana Maji alicheka mpaka akaishika boneti asianguke. "Mke wangu, msikie kaka yako! Anataka kuniuzia maji mimi! Mimi, muuza maji!"

Jirani aliyekuwa akianika nguo akacheka. Watoto wakacheka bila kujua wanacheka nini. Mama Pacha naye akacheka, tena kwa sauti kubwa kuliko wote. Kaka yake hakucheka. Alifunga boneti taratibu.

"Haya. Mimi nimesema," alisema, akaenda kunawa mikono.

Tangu siku hiyo mzaha ule ulikuwa na magurudumu. Bwana Maji aliupeleka kila alikopeleka maji. Wajenzi wakamwona kwa mbali, wakapiga kelele, "Bwana Maji, tukuuzie maji?" Naye akafurahi.

Rejeta haikufurahi. Kila asubuhi alilazimika kuiongezea jagi la maji. Baadaye jagi likawa ndoo ndogo.

"Yanakwenda wapi maji yote hayo?" Mama Pacha aliuliza.

"Gari nalo linasikia kiu."

"Mbona zamani halikusikia?"

"Zamani lilikuwa jipya. Hata wewe zamani hukuniuliza maswali."

Mama Pacha akarudi kwenye cherehani chake. Angeweza kumpigia kaka yake simu. Hakupiga. Alikuwa na sare za watu za kumaliza, na mume mwenye mzaha huchosha kubishana naye.

Injini ilikufa kwenye mlima, tangi likiwa limejaa. Mshale wa joto ulipanda ukaingia kwenye nyekundu. Bwana Maji aliuona. Lakini mteja alikuwa juu pale, anaonekana kabisa, anapunga mkono. Akajiambia, ni hapo tu. Akakanyaga mafuta. Moshi mweupe ukatoka chini ya boneti, gari likaishiwa nguvu, likasimama.

Hapo alikosea mara ya pili, tena kwa haraka. Alifungua kifuniko cha rejeta papo hapo, kwa kitambaa. Mvuke ukaruka ukamchoma mkono mpaka kwenye kiwiko. Kisha, akiuma meno, akamimina maji baridi ya tangi kwenye injini iliyokuwa moto kama jiko. Ndani ya chuma kikalia kitu: ta! Baada ya hapo gari halikuwaka tena.

Lilivutwa kwa kamba hadi gereji ya shemeji yake.

Mama Pacha alipofika, injini ilikuwa imefunguliwa. Mumewe alikaa juu ya tairi, mkono umefungwa bendeji. Hakuwa na mzaha wowote. Kaka yake aliifuta meza kwa tambara, akampangia dada yake vipande mezani, kama muuza nyama.

"Hii ni rejeta," alisema. Akaipindua, likatoka tope la kahawia, zito. "Mirija yake imeziba. Maji hayapiti, kwa hiyo injini haipoi. Hii ni pampu inayosukuma maji. Mapanga yake yako wapi? Yameliwa. Na hii ni silinda hedi, kifuniko cha juu ya injini. Pitisha kidole hapa."

Mama Pacha akapitisha. Chuma kilikuwa na mashimo mashimo, kama jino bovu.

"Kutu imekula pembeni mwa matundu ya maji, gasketi, ile karatasi ya kuziba kati ya vyuma, ikakosa pa kushika. Ndiyo maana maji yalikuwa yanapungua. Yalikuwa yanaingia ndani. Ona oili." Akamwonyesha beseni. Oili ilikuwa imegeuka nyeupe, kama uji. "Halafu maji baridi juu ya chuma cha moto. Hapo ndipo ilipopasuka."

"Haichomelewi?" aliuliza Mama Pacha.

"Ikichomelewa itakurudisha hapa kabla ya mwezi. Inatakiwa hedi nyingine, pampu, rejeta, gasketi, na kazi nyingi."

Akataja bei. Bwana Maji akainamisha kichwa.

"Na ile kulanti?" aliuliza Mama Pacha. "Ingekuwa bei gani?"

"Dada, usiniulize hilo."

"Nakuuliza."

"Dumu moja. Lingekaa miaka."

Mama Pacha alikumbuka kicheko chake mwenyewe siku ile, na kilimwuma vibaya. Bila pikapu hapakuwa na maji ya kuuza, na bila maji hapakuwa na ada wala chakula. Kushona peke yake kusingewalisha watu wanne. Kuiuza pikapu kama chuma chakavu kungewapa pesa ya kula kwa muda mfupi, basi. Nyumba ilikuwa ya kupanga. Kitu cha thamani walichobaki nacho kilikuwa kimoja, na wote watatu walikijua.

"Mke wangu..." alianza Bwana Maji.

"Usiseme," alisema Mama Pacha. "Ukisema wewe, sitakusamehe. Nitasema mimi." Akamgeukia kaka yake. "Kiwanja kiuzwe."

Kikauzwa. Mnunuzi alikuwa mfanyabiashara mwenye haraka, na mwenye haraka alipata bei nzuri kwa sababu wao walikuwa na haraka zaidi.

Siku ya kuichukua pikapu, fundi alijaza kulanti ya kijani. Bwana Maji akasogea, lakini shemeji yake akamkabidhi dada yake dumu lililobaki.

"Nitakufundisha wewe," alisema. "Huyu akikosea tena, hakuna kiwanja kingine."

Bwana Maji akarudi nyuma hatua moja. Alistahili, na alijua.

"Asubuhi, injini ikiwa baridi, tazama hiki kichupa cha pembeni. Kulanti ikae kati ya mistari hii miwili. Rangi ikigeuka kahawia, njooni. Ikipungua, kuna mahali inavuja. Msijaze tu mkanyamaza."

"Na mshale ukipanda njiani?"

"Simameni pembeni, mzime gari, msubiri lipoe kabisa. Kifuniko cha moto hakifunguliwi. Na chuma cha moto hakimwagiwi maji baridi."

"Tukiwa mbali na hatuna kulanti?"

"Likishapoa, wekeni maji safi yasiyo na chumvi, mfike kwangu siku hiyo hiyo. Sio ya kisima chenu. Na kulanti mnunue ile iliyokwisha kuchanganywa, aina inayotajwa kwenye kitabu cha gari. Muda wake ukiisha, tunaimwaga tunaweka mpya. Dumu liwe mbali na watoto. Ina utamu, lakini ni sumu."

Mama Pacha aliyarudia yote mpaka kaka yake akatikisa kichwa kukubali. Tangu hapo, kila asubuhi kabla ya cherehani, alifungua boneti. Mumewe alisimama pembeni ameshika taa. Rangi ilibaki ya kijani. Mshale ulipanda mpaka katikati, ukatulia hapo. Mlima ule ule ulipandwa tangi likiwa limejaa, na gari halikulalamika. Biashara ikarudi.

Siku moja mwashi mmoja aliagiza maji, kando ya barabara ya sokoni. Mama Pacha alikuwa ndani ya pikapu, anapeleka sare kwa mteja. Walipokata kona, wote wawili waliona ni wapi. Bwana Maji akapunguza mwendo.

"Tusiende?" aliuliza.

"Twende. Kulanti hainunuliwi kwa aibu."

Kuta zilikuwa zimefika kiunoni. Mwashi alipowaona akaangua kicheko. "Bwana Maji! Leo tukuuzie maji?"

Bwana Maji hakucheka. Alifungua bomba la tangi, maji yakaanza kutiririka kwenye pipa la maji ya kuchanganyia saruji. Mama Pacha alishuka, akatembea polepole pembeni mwa ukuta, akasimama pale alipokuwa amechagua kuweka meza ya kukatia.

"Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta," alimwambia mumewe, bila kumtazama. "Sisi ufa hatukuziba. Ukuta anajenga mwingine, na maji tunamletea sisi."

Pipa likajaa, Bwana Maji akafunga bomba.

Mama Pacha akamgeukia mwashi. "Dirisha litakuwa upande gani?"

"Dirisha?" Mwashi alishangaa. "Hii ni stoo ya saruji, mama. Haina dirisha."

Mama Pacha akarudi kwenye pikapu, akafunga mlango. Mumewe alipowasha gari, mkewe aliutazama mshale ukipanda taratibu. Ulifika katikati, ukatulia.

"Twende," alisema.